Mlango wa Nyuma

Mama mkwe wangu alikataa kuingia katika nyumba tuliyojenga. Aliizunguka, mwanangu mchanga akiwa mgongoni mwake, kisha akaketi juu ya furushi letu la nguo.

"Fasi ya kutorokea iko wapi?" akaniuliza.

Ilikuwa nyumba ya muda, kama zote za wakimbizi waliotoka kituo cha mapokezi cha Nakivale, Uganda: miti, fito, udongo tulioukandika kwa mikono, na turubai juu. Tungekaa humo mpaka tupate uwezo wa kufyatua matofali. Mume wangu alikuwa mjini Mbarara akitafuta kibarua, kwa hiyo nilijenga na mama mkwe na majirani wachache. Siku zote hizo mama mkwe alikanda udongo pamoja nasi. Alipoona mlango umewekwa, mmoja tu, upande wa barabara, ndipo akagoma kuingia.

Nilijua sababu. Kwetu, Kivu ya Kusini, wenye bunduki walipokuja walisimama mlangoni. Yeye alikuwa jikoni, kibanda cha nyuma, akapenya kwenye migomba. Baba mkwe na shemeji yangu walikuwa ndani ya nyumba, hawakuwa na pa kutokea.

Nilimweleza kijana Mganda aliyesimamia ujenzi. Akatikisa kichwa.

"Mama, hii miti iko ya mlango moja. Wewe kata ukuta, nyumba itaanguka. Na nyingine hakuna."

Niliogopa ukuta, na niliogopa zaidi kunyang'anywa kiwanja kwa kumkaidi msimamizi. Lakini mvua ilikuwa inakuja na mama mkwe bado alikuwa nje na mtoto. Nikachukua panga, nikakata fito za nyuma, nikatoboa tundu la mtu kupita akiinama, nikalifunika kwa gunia. Udongo ulimomonyoka hadi magotini mwangu na turubai likalegea upande mmoja. Ukuta haukuanguka. Mama mkwe akaingia.

Siku chache baadaye, mchana, bodaboda kutoka Base Camp, kwenye ofisi za makazi, ikasimama mbele yetu. Abiria alikuwa askari, amevaa magwanda. Nilikuwa napepeta maharagwe. Ungo ukanitoka mikononi.

"Hapana ogopa, mama," akasema. "Mimi natoka kambi ya jeshi ya Makenke. Natafuta maharagwe tu. Bibi yangu nauza sokoni pale Kakoba."

Ndani nikasikia gunia likichanika. Nikaingia mbio. Nyumba ilikuwa tupu. Mama mkwe hayumo, wala mtoto.

Nadhani yule askari alielewa kabla yangu. Alivua shati la magwanda, akampa mwenye bodaboda alifiche, akaketi chini palepale ili asionekane anamfuata mtu. Majirani wakatawanyika kuwatafuta. Mimi niliteremka kuelekea ziwani, miiba ikinichana kanga, nikiita. Lililonitia hofu kuliko yote ni kwamba sikusikia kilio. Mtoto aliyekimbizwa kwenye jua kali vile angelia.

Niliwakuta kwenye mafunjo. Mama mkwe ameketi ndani ya maji, mtoto kifuani, kiganja chake kimemfunika mdomo na pua.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Bako karibu."

"Mama, ni miye. Achilia mutoto."

"Atalia. Bakimusikia batatuua bote."

Nilivibandua vidole vyake kimoja kimoja. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Kwa kitambo hakufanya lolote. Kisha akavuta pumzi, akapiga kelele, na mama mkwe akaziba masikio yake kwa mikono yote miwili.

Tuliporudi askari alikwisha kwenda, bila maharagwe, ameacha salamu za kuomba radhi.

Mume wangu alipokuja alitaka kuliziba lile tundu. Mama yake akamwambia, "Ziba. Miye nitalala inje." Hakuliziba. Msimamizi naye alipita, akausukuma ukuta kwa bega, akanikazia macho. Kesho yake akaleta mti mmoja wa kuuegemeza.

Sikumweleza mume wangu habari za kile kiganja. Ila asubuhi moja, kama ilivyokuwa desturi, mama mkwe alininyooshea mikono ampokee mtoto ili niende kulima.

"Amelala," nilimwambia.

Mtoto alikuwa macho mgongoni mwangu, anatutazama. Mama mkwe akairudisha mikono yake mapajani polepole, akaniambia niwahi shambani kabla jua halijawa kali.