Vitufe Vilivyokataa Kusema

Dada yangu mkubwa ni fundi wa kushona, na kabla hajaugua sauti yake ilikuwa ikisikika kutoka barazani kwetu Msambweni mpaka kwenye njia ya hospitali. Hakuwa akipiga kelele, ndivyo alivyoumbwa. Alikuwa akiwafundisha wanawake kushona, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "fumua." Mshono ukienda upande, fumua. Ukosi ukikaa vibaya, fumua. Kisha akapata uvimbe kooni, akapasuliwa, na alhamdulillahi akapona, lakini sauti haikurudi.

Sisi wa nyumbani tulizoea upesi. Alikuwa akituandikia kwenye simu, na asipoandika, macho yake yalitosha. Aliyeshindwa ni jirani yetu, bibi mmoja mtu mzima asiyeona. Miaka yote, baada ya sala ya alasiri, bibi alikuwa akija na fimbo yake kukaa kando ya cherehani ya dada, wakazungumza mpaka karibu na magharibi. Sasa akifika akisema, "Asalaam aleikum, wa hapa," dada yupo pale pale, midomo inaitikia, na hakuna kinachotoka. Dada akawa anagonga meza kwa mkasi. Bibi akawa anageuza kichwa huku na huku. "Ndiyo nini hiyo? Kuna mtu?" Siku moja nikiwa ndani nilimsikia akisema, bila hasira, "Mwanangu, najua upo. Lakini nimechoka kuzungumza na cherehani." Akaenda zake, asirudi tena.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta. Wenye nyumba za wageni huko Diani hunipa kazi, nami naifanyia nyumbani. Kwa hivyo nilijiona mtu wa kufaa hapa. Kwanza nilimletea dada programu iliyo tayari, ile unayoiandikia maneno ikayasoma. Ikaisoma "marahaba" kama mtalii aliyeshuka uwanjani jana. Dada akaniandikia: "Huyu ni nani? Mtoe nyumbani kwangu."

Ndipo nilipokumbuka jumbe za sauti. Kwenye kundi letu la ukoo katika simu, dada alikuwa bingwa wa kutuma jumbe za sauti, ndefu, zisizo na kituo, na wengi wetu tulikuwa tukizipita bila kuzisikiliza. Sauti yake yote ilikuwa imelala mle. Nikakaa na kuzikata. "Waaleikum salaam" nilizipata tele. "Marahaba" niliipata alipokuwa akimjibu mpwa wetu. "Karibu" ilitoka arusini Kinango, na nyuma yake mbuzi analia. "Nitakuja inshallah" aliisema akiwa Bodo, mashine ya boti ikinguruma, lakini ilisikika. "Fumua" sikuihesabu. "Asante" sikuipata popote, nami sikushangaa.

Nilichotaka kilikuwa kitu chepesi: tableti yenye vitufe vikubwa, kila kitufe na neno lake. Unabonyeza, dada anasema. Basi.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa bara anayetunza kompyuta za hoteli moja Diani, aliniambia nisiandike kila kitu kwa mkono. Kuna zana ya kuchorea skrini, akasema. Unaburuta kitufe, unakiweka unapotaka, unakipaka rangi, na zana inakuandikia yaliyobaki.

"Hiyo ni kitu ndogo, siz," akaniambia kwa simu. "Unachora tu. Saa hii umemaliza."

Nikachora. Nakiri ilipendeza. Vitufe vikakaa safu safu, kijani cha salamu, bluu cha kazi, chekundu cha kukataa. Nikamwita dada aje aone. Akavuta kiti, akafuta miwani kwa kanga, akabonyeza kijani. Kompyuta ikalia pii. Akabonyeza bluu. Pii. Akabonyeza chekundu, akaniangalia.

"Subiri kidogo, Dada," nikamwambia.

Kidogo hicho kilikula wiki nyingi za maisha yangu.

Niseme kwa ufupi tatizo lilikuwa nini. Programu haijengwi kwa hewa. Chini yake huwa kuna kile ambacho sisi wa kazi hii tunakiita fremuweki: ghala la vipande vilivyokwisha kutengenezwa, kimoja cha kufungua faili, kimoja cha kucheza sauti, kimoja cha kuonyesha picha, nasi tunaviunga. Sasa ile zana ya kuchorea, kwa kujifanya nyepesi, ilikuwa imekuja na fremuweki ndogo, iliyopunguzwa. Hiyo ndogo ilijua kulia pii. Ujumbe wa sauti kutoka kwenye simu haikuujua, haikutaka kuujua, na haikuniambia kwamba haiujui. Ililia pii tu. Fremuweki kamili ipo, na ndani yake kipande ninachokitaka kipo. Kazi yangu ilikuwa kuiambia zana itumie ile kamili. Nani angedhani ni kazi?

Nikafungua mipangilio. Nikaona mahali pa kuchagua, na neno lenyewe limeandikwa: kamili. Lakini lilikuwa limefifia, rangi ya majivu, halibonyezeki. Kwa nini halibonyezeki? Hakuna maelezo. Nikasoma mwongozo, ukaniambia nichague "kamili." Nimekwisha kuliona, bwana, nimekwisha kulibonyeza mpaka kidole kimechoka! Baadaye nikagundua, kwa swali la mtu mwingine aliyekasirika kama mimi huko mtandaoni, kwamba fremuweki kamili haimo kabisa katika kompyuta yangu na lazima niipakue kwanza. Wangeandika hivyo hapo penye majivu ingewagharimu nini?

Faili lenyewe zito kama gunia la saruji. Mtandao wetu Msambweni ulikuwa ukilianza vizuri, ukifika karibu na mwisho unakata, na linaanza upya. Halafu umeme ukakata, ukawa umenisaidia kuacha. Nikaenda Ukunda, nikaketi kwenye duka moja lenye mtandao wa maana, feni inanipulizia mgongo, nikalipakua. Nikarudi nyumbani nimelikumbatia kama mtu aliyetoka kununua dhahabu. Nikasakinisha. Neno "kamili" likapata rangi. Nikalibonyeza.

Vitufe vyote vikageuka masanduku mekundu yenye alama ya mkasi, ile X ya kosa.

Nikasema "Lahaula," nikairudisha ndogo. Vitufe vikarudi, pii zikarudi. Nikaweka kamili. Masanduku mekundu. Hapo dada alikuwa nyuma yangu, na kanga ya mteja begani. Akachukua simu yake, akaandika, akaniwekea mbele ya uso: "Fumua."

"Dada, hii si kanzu."

Akaandika: "Fumua, uanze tena."

Nilikasirika, naye akakasirika kwamba nimekasirika, na kwa kuwa mmoja wetu hawezi kujibu, ugomvi wenyewe ulikuwa wa ajabu: mimi nasema, yeye anaandika, mimi namsubiri amalize kuandika ili niendelee kukasirika. Mwisho akaniandikia, "Kama ni kazi kubwa, acha. Nishazoea." Ningeweza kuvumilia matusi yote kuliko hilo. Kwa sababu hakuwa amezoea. Alasiri zile alikuwa akiweka kiti cha bibi mahali pake, karibu na cherehani, kisha kikikaa kitupu anakirudisha ndani.

Basi nikamfuata yule rafiki yangu wa Diani, fundi wa kompyuta, kwa maana nilimshuku sasa. Nikampigia simu.

"Umeweka full?" akauliza.

"Nimeweka kamili, nimefunga, nimefungua, nimezima, nimewasha."

"Kwangu inashika fiti."

"Kwangu haishiki."

"Sasa mbona kwangu inashika?"

Hili ndilo neno ambalo watu wa kazi yetu huambiana tangu kompyuta zilipoumbwa, na halijamsaidia yeyote. Nikabeba kompyuta yangu mpaka Diani, nikaingia katika kichumba chake nyuma ya jikoni ya hoteli, kinachonukia kitunguu na waya moto. Nikaiweka yangu kando ya yake. Nikamwambia, "Fungua mipangilio yako. Tutasoma mstari kwa mstari, wewe yako, mimi yangu."

Akacheka, lakini akafungua. Tukasoma. Tulikuwa sawa mstari baada ya mstari, mpaka nikaanza kujiona mwendawazimu. Ndipo akafungua ukurasa ambao mimi sikuwahi kuuona, si wa mradi, ni wa zana yenyewe, umejificha chini ya kichwa cha habari kisichohusika hata kidogo, na hapo pakawa na mahali pengine pa kuchagua. Kwake: kamili. Kwangu: ndogo.

Kumbe zana ilikuwa na akili mbili. Programu niliyokuwa nikiijenga ilikubali kuhamia fremuweki kamili, lakini ule uso wa kuchorea ulibaki ukisoma ile ndogo, na kila ulipoona kitufe cha sauti haukukitambua, ukakipaka wekundu. Mkono mmoja ulikuwa haujui mwingine umehama.

"Aa, hiyo!" akasema fundi. "Hiyo niliiweka kitambo. Hata nilikuwa nimesahau."

Nilimtazama muda mrefu. Ni mtu mwema, ana watoto, na siku ile alininunulia chai. Lakini nilimtazama.

Nikabadilisha pale pale. Masanduku mekundu yakageuka vitufe, kijani, bluu, chekundu, kila kimoja mahali pake. Nikagusa cha kwanza, na katika kile kichumba, sauti ya dada yangu ikasema, "Waaleikum salaam warahmatullah," kwa mkazo wake ule wa mwisho, kama mtu anayefunga mlango vizuri. Mpishi akachungulia kuona ni mama gani ameingia. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mara nyingi nikiyakata, lakini wakati huo yalikuwa faili. Sasa aliulizwa, akajibu.

Nilipomwekea dada tableti mapajani, nilitarajia machozi. Akabonyeza salamu. Akasikiliza, kichwa kando. Akabonyeza tena. Kisha akachukua simu akaandika: "Hapo nilikuwa na mafua. Tafuta nyingine." Akaendelea kubonyeza mpaka akafika kwenye "Asante," ambayo niliisema mimi mwenyewe kwa kukosa yake, akaniangalia juu ya miwani. Nikamwambia, "Hukuwahi kuisema, Dada. Nimetafuta." Mabega yake yakatikisika. Ndivyo anavyocheka siku hizi.

Siku iliyofuata mimi ndiye niliyekwenda kumchukua bibi. Sikumwambia sababu, nilimwambia dada anamhitaji. Alikuja akinung'unika kwamba ana kazi zake. Alipofika barazani akasimama, akapiga fimbo chini, akasema kwa mazoea tu, bila kutarajia, "Asalaam aleikum, wa hapa."

"Waaleikum salaam warahmatullah," akasema dada. "Karibu." Na mbuzi wa Kinango akalia.

Bibi hakutikisika. Mkono uliokuwa na fimbo ulishuka polepole. "Ewe," akasema, "umerudi?" Halafu, "Na huyo mbuzi ni wa nani?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikachanganya mambo ya simu na ya vitufe, lakini akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: kama ni dada mwenyewe anayechagua la kusema, au ni mashine.

"Ni yeye, Bibi. Mashine inatoa tu."

"Basi yatosha," akasema, akapapasa kiti, akaketi.

Hawakuzungumza kama zamani. Maneno ya dada ni machache, na bibi akiuliza jambo refu inambidi anisubiri mimi nisome kilichoandikwa kwenye simu. Lakini bibi ana njia yake: sasa anauliza maswali ya ndiyo na siyo, anayapanga makusudi, na dada anayajibu upesi. Alasiri ile nilikuwa nimekaa ukumbini na kompyuta, nikitafuta "waaleikum salaam" isiyo na mafua, na kutoka nje nikamsikia bibi akisimulia habari ya mkwe wake, habari ndefu, yenye mabaya mengi juu ya watu, naye dada akimjibu kila anapotulia: "Ndiyo." "Ndiyo." "Siyo kweli." Kisha vidole vikagongagonga kioo kwa haraka. "Siyo kweli. Siyo kweli. Siyo kweli."

"Wallahi ni kweli!" akapaaza sauti bibi, na wakaanza kubishana.