Siku Niliyolifunika Jua

Habari hii mke wangu huisimulia kwenye harusi za watu, kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe, maana yeye anaongeza chumvi na aibu niliyoipata inanitosha bila chumvi.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, Kariakoo imejaa redio kaseti na mitumba, na kila mwenye mhuri na kabati la faili alikuwa na asasi yake. Ya kwangu ilikuwa ya umeme wa jua (mwenyekiti mimi, katibu mimi, anayefagia ofisi mimi), na kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuwafungia taa akina mama waliokuwa wanashona sare za shule kwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Mgao wa umeme ulikuwa umewabana, ikifika jioni wanashona kwa koroboi, na wiki iliyotangulia koroboi ilipinduka ikaunguza mashati, nusura wanyang'anywe tenda. Mimi nilikuwa na paneli moja, betri moja na taa mbili za kuonyeshea tu. Vifaa vya chumba kizima angetoa Mzee Kanti, mwenye duka la umeme mtaa wa pili, ila alitaka kwanza aione taa inawaka kwa macho yake. Asiporidhika, akina mama wanabaki na koroboi zao.

Bi Zuhura, kiongozi wa washonaji, alinishauri tuzindue jioni. Nikakataa, kwa sababu mwandishi wa gazeti alikuwa anapatikana saa sita mchana tu, na mimi (nakiri) nilikuwa nimeshanunua suti ya mtumba kwa ajili ya ile picha.

Sasa saa sita Dar, jua la utosi, taa ukiiwasha nani atajua kama inawaka? Nikaamua kutengeneza giza. Madirisha tukayaziba kwa mablanketi, lakini paa lilikuwa na bati moja la plastiki linaloingiza mwanga, basi nikaazima turubai la lori kwa shemeji yangu wa bandarini, nikapanda mwenyewe na kulitandaza, likafunika bati, likafunika na paneli. Nililiona hilo, msidhani sikuliona. Nikajiambia aah, betri imejaa, dakika mbili tatu haina neno. Kumbe tangu asubuhi betri hiyohiyo ilikuwa inapiga kaseti ya taarabu kwenye redio yangu, sauti mpaka mwisho, ili wapita njia wajue kwamba jua linaimba.

Mzee Kanti, mgeni rasmi wetu, akaja, shikamoo, marahaba, tukamkalisha mbele. Nikahutubia gizani, watu wanatokwa jasho, na katikati ya hotuba yule bibi wa kwenye kaseti akaanza kuimba polepole, sauti ikawa nzito kama ya baba mzima. Nikasema ni mkanda mbovu, nikaendelea. Halafu nikamkaribisha mgeni rasmi abonyeze swichi. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena. Nikawaambia wageni kwamba vifaa vya kisasa huwa vinajipanga kwanza, nikakimbilia betri, mguu ukanasa kwenye cherehani, nikaenda kutua mapajani kwa Mzee Kanti.

Bi Zuhura akawasha kiberiti, akawasha koroboi ili tuonane. Mwandishi naye akafanya kazi yake, akapiga picha. Kesho yake mtaa mzima ulinunua gazeti, mimi nimekaa mapajani kwa mgeni rasmi, na kinachotumulika kwenye uzinduzi wa umeme wa jua ni koroboi.

Lakini palepale chumbani Mzee Kanti hakufoka. Aliniuliza tu paneli iko wapi, nikanyoosha kidole juu, naye akasema:

"Juu ya turubai au chini ya turubai?"

Bi Zuhura alikuwa ameshapanda ngazi, akalivuta turubai, akashuka, akachomoa redio yangu, akamweleza mzee kwa utaratibu kabisa kwamba betri imekauka, iachwe ijazwe na jua mpaka jioni, na kama hatajali apite akishafunga duka.

Akapita kweli. Taa zikawaka, na Bi Zuhura akashona kola nzima mbele yake bila kuinamia kitambaa. Mzee Kanti akasema vifaa atatoa vyote, ila mambo ya betri na paa ashike Bi Zuhura, na mimi nisionekane juu huko. Kisha akamuuliza haya yote amejifunza wapi.

Nilitamani ardhi ipasuke, maana nilijua sasa nitasemwa, na nilistahili.

"Huyu hapa," akasema Bi Zuhura, ananionyesha mimi. "Kila Jumamosi anakuja kutufundisha, na hajawahi kukosa."

Angenitukana ningeweza kuvumilia. Nilitoka nje nikajifanya natafuta viatu, na viatu nilikuwa nimevaa. Tangu hapo Jumamosi naenda, nafundisha, narudi nyumbani, na nikisikia popote pana uzinduzi, naaga mapema.