Mkoba wa Kifuani

Mtaani walimwita Mawe, naye aliitika. Angefanya nini? Ukishasema unasoma jiolojia chuo kikuu, watu wanauliza ndiyo nini hiyo, na ukiwajibu kwamba ni elimu ya miamba, basi jina umeshapewa. Jirani wa mlango wa pili, mwuza mkaa, hakuweza kumwona akipita bila kumtania: "Mawe, dhahabu bado tu? Ukiipata usitusahau, sisi ndio tuliokulea!" Mawe alikuwa akicheka, ila mwaka ule wa mwisho alicheka kwa meno tu, moyoni hamna kitu.

Maana mwaka wa mwisho wenyewe alikuwa anaurudia. Katika shahada ile, kila kitu kinasimama juu ya ramani. Unapewa kipande cha kilima, unaambiwa ukitembee chote, kila mwamba uliochomoza ardhini uuendee, upime tabaka zake zimeelekea wapi na zimeinama kiasi gani, halafu uchore ramani ya kilichomo chini. Huna ramani, huna shahada, hata uwe na maksi za kujaza gunia. Sasa mara ya kwanza Mawe alipopanda, upepo ulimkuta kwenye mteremko, zipu ya begi ikaachia, karatasi zikaruka, mvua ikamalizia. Alirudi na nusu yake, nazo zimelowa chapachapa. Wakamwambia arudie, na sheria ya chuo haina huruma: ukirudia ukafeli tena, ndiyo kwaheri.

Mama yake alikuwa fundi wa mikoba. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, katikati ya marobota ya turubai na makopo ya gundi, na mgeni akija ilibidi aondoe mikanda kwenye kiti ndipo akae. Aliposikia habari ya upepo hakugomba hata kidogo. "Begi gani hilo linafunguka ovyo?" alisema. "Zipu hizi za siku hizi takataka tupu. Niachie mimi."

Alikata turubai nzito, akashona mkoba wa kuvaa kifuani, kamba zake zikipishana mgongoni, na mfuniko mgumu ambao mtu angeweza kuandikia juu yake akiwa amesimama. Na ule mfuniko ulijifunga wenyewe. Ukiusogeza tu, tap! Umeshika. Mama akamvisha binti yake, akamzungusha kama anayempima gauni la harusi.

"Huu hata kimbunga hakiufungui," alisema. "Upepo ukija, uambie mama yangu anakusalimia."

Wakacheka wote wawili mpaka mama akashika mbavu. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo siku ya mwisho ya raha ndani ya nyumba ile.

Mawe alipanda kilimani peke yake, wenzake wa zamani wakiwa wameshamaliza na hawa wapya wameshagawana wawili wawili. Na msidhani alikwenda kutalii. Alikuwa makini kupita kiasi. Kitu cha kwanza wanachofundishwa watu wa fani ile ni kwamba chuma kinavuta sindano ya dira. Hufungui dira kabla hujaiweka mbali nyundo ya kuvunjia miamba. Basi yeye nyundo aliiweka mbali, akarudi, akahakikisha iko mbali. Mkanda wenye kifungo cha chuma aliuacha kambini, suruali akaifunga kwa kamba. Hata bangili aliyopewa na shangazi yake aliivua. Kisha aliilaza dira juu ya mwamba, akainama juu yake asome sindano vizuri, mkoba ukining'inia kifuani, akaandika. Akaenda mwamba mwingine. Jua lilimbabua shingo, midomo ikapasuka, lakini hakuna karatasi iliyompotea.

Tena kuna jambo lililompa moyo. Alipoanza kuchora, aliona tabaka za kile kilima hazitulii. Upande huu wa kijito zimeelekea huku, ng'ambo zimegeuka, juu zaidi zimegeuka tena. Miamba iliyokunjwa! Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiandika kwenye kilima kile. Mawe alijiona amegundua kitu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze akalala usingizi wa kweli. Alieleza mikunjo yake kwa kurasa nyingi, kwa maneno mazuri kabisa.

Mwalimu wa ramani, mzee mpole mwenye ofisi iliyojaa mawe hadi dirishani, aliitandaza ile ramani mezani, akaifuata mistari yake kwa kidole.

"Umeandika hapa kuna mikunjo," alisema. "Kwenye kilima hiki napeleka wanafunzi tangu nywele zangu nyeusi. Tabaka zake zote zimelalia upande mmoja."

"Labda hawakuangalia vizuri, mwalimu."

Jamani! Alisema hivyo, na alisema kwa heshima zote, kwa sababu alikuwa na hakika. Mwalimu hakukasirika. Alitoa dira kwenye droo, akailaza juu ya jiwe bapa pale mezani. "Hebu nionyeshe ulivyokuwa unapima. Vilevile ulivyofanya kule."

Mawe akasogea, mkoba wake kifuani, akainama. Sindano ikageuka. Akainuka, sindano ikarudi ilikotoka.

"Inama tena," alisema mwalimu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Huo mkoba una nini?"

Mawe alijua hata kabla hajaugusa. Aliukumbuka ule mlio, tap, alioufurahia kila siku kule juu. Aliiogopa nyundo, akaogopa bangili, na sumaku alikuwa ameivaa kifuani. Miaka yote ya kusoma, na hakujiuliza hata siku moja mfuniko ule unajifunga kwa nini!

"Nitarekebisha hesabu, mwalimu. Nitapunguza kile kilichozidi."

"Kingekuwa kimezidi sawasawa kila mahali, ningekusaidia mimi mwenyewe, leo hii. Lakini sumaku ulitembea nayo. Ilivuta kadiri ulivyogeuka na ulivyoinama. Unakumbuka uliinama vipi kwenye kila mwamba?"

Hakukumbuka. Nani angekumbuka?

"Basi niruhusu nirudi kilimani."

"Binti yangu, muda umekwisha. Na ni mara yako ya pili." Mwalimu aliugusa mshono wa mkoba kwa kidole. "Umeshonwa vizuri mno. Nani aliushona?"

"Niliununua tu sokoni," alisema Mawe.

Alimkuta mama yake kwenye cherehani. Hakuzunguka. "Mama, nimefeli."

Mguu wa mama ukasimama juu ya kanyagio. "Karatasi zimepotea tena?"

"Hata moja haijapotea."

"Sasa nini?"

"Dira, mama. Ilisoma vibaya."

"Dira ya nani?"

"Ya chuo."

"Ala!" Mama alisimama, vipande vya turubai vikamwanguka mapajani. "Wanampa mtoto kifaa kibovu halafu wanamfelisha yeye? Hawajui kama una mama? Twende. Twende sasa hivi kwa huyo mwalimu, na huo mkoba nipe niubebe, auone kwa macho yake mwanangu alivyojiandaa!" Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja, na mkoba ameshamvua bintiye, ameukumbatia.

Mawe aliona yote yatakavyokuwa. Mama ataweka mkoba juu ya meza ile, atasema ameushona mwenyewe kwa mikono yake, na mwalimu ni mtu mkweli, atamweleza. Mama hatashona tena mkoba wowote bila kukumbuka. Akaenda kusimama mlangoni.

"Mama, usiende. Nimekudanganya. Dira ni nzima." Akauegemea mlango. "Mimi ndiye sikupima. Nilikaa kivulini, nikaandika vya kubuni."

"Unasemaje?"

"Ni uvivu wangu, mama."

Mama alimtazama mpaka Mawe akainamisha macho. Angempiga ingekuwa afadhali. "Vidole vyangu vimetoboka kwa turubai lile," alisema polepole, "na wewe umekaa kivulini?"

"Nisamehe."

"Usiseme na mimi."

Alikivua kile kiatu, akarudi kitini. Akachukua wembe, akaupasua mshono wa mfuniko, akatoa sumaku mbili nyeusi, ndogo, akaziweka mezani. Zikarukiana zenyewe. Tap. Mawe alishtuka, mama hakugundua.

"Hizi nitamwekea mteja," alisema mama, kichwa hakiinui. "Huko kilimani kwenu ni hizi peke yake zilizofanya kazi niliyozituma."

"Ndiyo, mama," alisema Mawe.