Mtega Panya wa Ghalani

Mtega panya wa ghala la nafaka huinama polepole, hukunja waya kwa vidole vyake vyenye makovu, huku akinong'ona kama anayebembeleza mtoto. Panya akipatikana, hasemi amemkamata, husema, "Kanasa mwenyewe." Asubuhi moja kitanzi chake kilimkaba shingo paka wa bibi wa jirani. Alipiga magoti akaulegeza waya taratibu, makucha yakimchanachana mikono. Paka alipovuta pumzi, alimfunika kwa shati lake, akambeba kifua wazi hadi mlangoni kwa bibi. "Shikamoo, bibi. Paka wako nimemuumiza mimi." Bibi aliitazama ile mikono inayovuja damu. "Marahaba, mwanangu. Ingia ndani, nikuoshe na wewe."