Kaptula ya Sponji Kwenye Njia ya Kibugu

Siku ya tatu ya safari, mahali fulani kati ya Kanja na Kibugu, nilishuka kwenye baiskeli ili niisukume, na miguu ikakataa kuamini kwamba tumeshuka. Ikaendelea kukanyaga pedali hewani. Huo ni ukweli mtupu, au uko karibu sana na ukweli. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba mtu angeniambia nipepese macho ningemwomba dakika tano za kujiandaa.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu ni fundi cherehani wa pale Makutano, Meru, jirani ya kibanda changu cha kutengeneza redio na simu. Tulijuana shule ya jioni, watu wazima tumebanwa kwenye dawati moja la watoto, magoti yanagusa kidevu, tunasoma masomo ya kidato cha nne baada ya kazi. Sasa pale Makutano lori, matatu na boda hupigiana honi tangu alfajiri. Siku moja fundi aliinua kichwa kutoka kwenye suruali ya mteja akaniuliza, "Mzee, kuna mahali duniani mtu anaweza kuendesha baiskeli asisikie honi?"

Nikamwambia kupo. Ziko zile barabara za majani chai zinazopita karibu na msitu, ambako lori la kubeba majani huja mara moja tu, alasiri, na saa zote zilizobaki barabara ni ya kuku. Akachukua karatasi yake ya kukatia nguo akachora safari nzima: kutoka Meru hadi Embu kwa njia za juu, kisha kuteremka kwenye joto la Mbeere, na kuendelea hivyo hivyo mpaka baharini. Kwenye ile karatasi bahari ilikuwa umbali wa rula moja na nusu.

Alishona pia kaptula mbili za kubana, kama za waendesha baiskeli wa kwenye televisheni, akazijaza sponji ya kiti cha sofa mahali pa kukalia. Yangu iliishia katikati ya paja kwa sababu kitambaa kilikwisha. Sponji ilikuwa nyingi mno. Nikisimama nilionekana kama nimekaa.

Utulivu tuliupata, siwezi kudanganya juu ya hilo. Asubuhi nzima unaweza kusikia mnyororo wa baiskeli yako na maji ya mto chini kabisa bondeni. Majani chai yamelala pande zote mbili kama mkeka mmoja, na katikati yake vichwa vya watu wanaochuna, wanakusalimia bila kusimamisha mikono. Siku ile ya tatu tulipishana na boda moja tu, iliyobeba kitanda, na mwenye kitanda amekaa juu yake. Tatizo ni kwamba nchi ile imekunjwa kama shati lililotoka kwenye ndoo. Unateremka hadi mtoni dakika mbili, unapanda nusu saa, unafika juu unaona mto mwingine. Nilihesabu mito mia nne. Fundi alisema ni tisa.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikuwa nimemwambia. Kwenye mgongo wa kilima cha mwisho kabla ya Kibugu ni kwao mke wangu, na mama mkwe wangu sikuwa nimemwona uso kwa uso kwa miaka miwili.

Ilikuwa hivi. Baba mkwe alifariki wiki ya mitihani yangu ya mwisho, na mazishi yakapangwa Ijumaa ile ile ya karatasi ya hisabati. Nilikuwa nimesoma miaka minne usiku, nikiwa na umri wa kuitwa babu na wanafunzi wengine. Nikajiambia wafu husubiri, mtihani hausubiri. Nikampeleka mke wangu stendi na watoto, mimi nikaenda kukaa kwenye dawati. Nilipanga kwenda kuomba radhi wiki iliyofuata. Halafu nikasema niende matokeo yakitoka, nifike na cheti mkononi, mama aone nilichokuwa nafanya. Matokeo yakatoka. Hisabati nilipata D, na hata hiyo D ilionekana imechoka kufika. Basi sikwenda. Mke wangu akawa anaenda peke yake, anarudi na ndizi na maharagwe, na hakuna salamu zangu ndani ya mfuko.

Kwa hiyo tulipofika njia panda nilikuwa nimeshapanga. Kushoto njia inateremka kupita mlangoni kwa mama. Kulia inapanda kuelekea msituni.

"Kulia," nikasema.

Fundi akautazama ule mlima. "Mzee, kushoto ni mteremko."

"Kulia kuna mandhari."

Tulisukuma mandhari ile saa nzima. Chupa za maji zilikauka, ulimi wangu ukawa kama soksi. Tulipofika juu tukakuta uzio wa stima wa kuzuia ndovu, na geti lenye kufuli kubwa kama mkate. Njia iliishia hapo.  Fundi aliketi chini kwenye nyasi, akavua kiatu kimoja, akakitazama ndani kana kwamba kuna barua. Ndipo nikamweleza yote, mazishi, mtihani, mama.

"Kwa hiyo umenipandisha huku kwa ajili ya kumkimbia mama mzee," akasema.

"Ndiyo."

"Sawa. Sasa twende akatupe maji."

Tukarudi chini. Kwenye kituo cha majani chai, kile kibanda cha mabati wanakopimia, walikuwapo kina mama wanne wakipumzika na vikapu vyao. Mmoja mwenye viatu vya mpira, gamboti nyekundu, alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, macho yakakaa sana pale katikati.

"Huyu si mkwe wa pale chini?" akawauliza wenzake. "Yule wa mtihani."

Kumbe nina jina mgongo ule mzima.

"Ndiye mimi, mama."

"Na unaenda kwa mama mkwe ukiwa hivyo?"

Nikajitazama. Huku kwetu mtu hasimami mbele ya mama mkwe paja likiwa nje, na yangu yalikuwa nje yote mawili, yamepakwa tope. Nilikuwa sina suruali. Tulikuwa tumeacha mizigo yote Chuka kwa binamu ya fundi ili tuwe wepesi. Wale mama walicheka mpaka wakashikana. Kisha yule wa gamboti akafungua nailoni yake, ile karatasi ngumu ya plastiki ambayo mchunaji hujifunga kiunoni umande usimloweshe, akanifunga mwenyewe kwa kamba ya katani. Ikafika chini ya magoti. Kila hatua ilipiga kelele kama mfuko wa mkate.

Mama mkwe alikuwa shambani nyuma ya nyumba, amezama kwenye chai hadi kifuani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Hodi, Mama."

Hakugeuka. Mikono iliendelea, kushoto, kulia, inatupa majani kikapuni juu ya bega. "Ni nani?"

"Ni mimi."

"Mimi ni wengi."

Nikasogea hadi aweze kuniona. Akanitazama, akaitazama nailoni, akamtazama fundi aliyekuwa amejificha nyuma ya baiskeli.

"Mwanafunzi," akasema. "Naona umekuja umevaa za kazi. Kikapu kingine kiko pale kwenye mti. Na rafiki yako ashike mstari ule."

Sasa fikiria. Siku tatu za milima, mito mia nne, na nyuma nimebeba sofa. Nikavaa kikapu. Unachuna majani mawili na kichipukizi chake, unaacha yaliyokomaa. Vidole vyangu vimezoea waya za redio, nikawa nachuna hata matawi. Kila baada ya muda mama alinyoosha mkono, akatoa jani baya kikapuni mwangu, akalitupa. Mgongo uliniuma hadi nikaanza kuukumbuka ule mlima wa ndovu kwa upendo.

Tulikuwa karibu kumaliza mstari aliponiuliza, "Ulipita?"

Nilikuwa na majibu matatu mazuri. Niliyatayarisha kwa miaka miwili, na moja lilikuwa na mwalimu mkuu akinipa mkono. Lakini nilikuwa nimechoka mno kubeba kitu kingine.

"Cheti nilipata, Mama. Lakini hisabati nilipata D."

"D ni nzuri?"

"Ni mbaya. Karatasi ya siku ile ndiyo niliyofanya vibaya kuliko zote."

Akachuna kichaka kizima kabla ya kujibu.

"Tulikuwekea kiti," akasema. "Mbele, pamoja na wakwe wengine. Watu walikuja kukiomba, nikawaambia kina mwenyewe, yuko njiani. Kikakaa hivyo mpaka tukatupa udongo."

Fundi aliacha kuchuna. Mimi niliendelea kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

"Nilitaka kuja wiki iliyofuata. Niliona aibu."

"Aibu ni ya wiki moja, hata mwezi. Miaka miwili ni uvivu."

"Ni kweli, Mama. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Hicho kikapu chako kina matawi mengi, karani wa kituo atakirudisha," akakitwaa, akayachagua majani upya moja moja, akamwaga yaliyo safi kwenye chake. Kisha akatutangulia nyumbani.

Kulikuwa na maji kwanza, na nilikunywa mtungi, nusu ya kisima. Halafu chai na viazi vitamu vya moto. Mama akavuta kiti cha plastiki kutoka ndani akakiweka kivulini, mbele ya mlango.

"Kaa hapo."

Nikakaa, nailoni ikilia. Nakumbuka kiazi kikiwa mkononi. Sikumbuki kukila.

Honi ndiyo iliyoniamsha, honi ya kwanza kwa siku tatu. Lori la majani lilikuwa limefika kituoni. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba. Nailoni haikuwepo tena kiunoni mwangu. Ilikuwa juu ya kamba ya nguo, imeoshwa. Juu ya mapaja yangu, kuanzia kiunoni hadi kwenye vifundo, mtu alikuwa amenifunika leso, akaikunja pembeni isianguke.

Nilitamani kufa kidogo. Mkwe amelala mbele ya mlango wa mama mkwe, mdomo wazi.

"Umelala saa mbili nzima," fundi akaninong'oneza. Alikuwa ameketi kwenye ngazi akimshonea mama mfuko wa koti kwa sindano. "Umekoroma hadi ng'ombe akaacha kula. Nilitaka kukuamsha, akasema niache mtu alale."

Mama mwenyewe alikuwa langoni, anaongea na wale kina mama waliokuwa wakirudi kutoka kituoni. Yule wa gamboti nyekundu alikuwa akinyoosha shingo kunitazama.

"Ni nani huyo amekaa?" alikuwa akiuliza, kana kwamba hakunifunga kamba yeye mwenyewe.

"Ni mkwe wangu," mama akajibu. "Ametoka baharini na baiskeli."

"Baharini?"

"Baharini. Mnashangaa nini akilala?"

Nikamgeukia fundi. Akainua mabega. "Mimi nilimwambia tunaelekea huko," akasema. "Amegeuza mwenyewe."

Kina mama wakanipungia mkono. Nilitaka kusimama niwaeleze kwamba tumetoka Makutano tu, kwamba hata Embu mjini hatujafika. Magoti yalikataa. Nikashika leso kwa mkono mmoja, nikawapungia kwa mwingine, nikabaki kwenye kiti changu.