Mwaka Ambao Maître Godelieve Hakuwa na Sauti

Nilipoanza kujifunza kung fu kwa Godelieve Mbelu, mwaka 2009, nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikumkuta msichana mwingine uwanjani. Uwanja wenyewe ni ua wa shule ya parokia, mtaa wa Manika, hapa Kolwezi. Upande mmoja kuna ukuta wa matofali, upande wa pili barabara ya malori ya migodini. Lori likipita, vumbi linainuka na humsikii hata mtu aliye kando yako.

Godelieve tulimsikia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na miguu isiyotulia, na sauti yake ilipita juu ya injini zote. Akisema "Shuka!", watu arobaini walikunja magoti kwa pamoja. Tulimwita Maître, kama mwalimu wa kung fu anavyoitwa kwetu, na ndivyo tunavyomwita mpaka leo.

Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Baba yake akawa karani hapa hapa, na yeye akazaliwa hapa. Mwaka 1993, familia nyingi za asili ya Kasai zilipolazimika kuondoka Kolwezi, ya kwao iliondoka pia. Alikuwa na miaka kumi na minne. Akakulia Mbuji-Mayi, na huko ndiko seremala mmoja, tata Kankolongo, alikomfundisha kung fu nyuma ya karakana yake. Mzee huyo hakudai kitu kwa mwanafunzi, ila afagie maranda kabla ya mazoezi kuanza.

Baadaye aliolewa na Henri Mwamba, mfanyakazi wa reli mwenye asili ya kaskazini mwa Katanga, na wakaja kuishi Kolwezi. Alipomwomba padri ua wa shule kwa jioni tatu za juma, padri alimpa na funguo siku hiyo hiyo. Nilimwuliza siku moja kama hana uchungu na mji huu.

"Tina," akaniambia, "niliondoka hapa nikiwa mutoto, bantu banalia ndani ya treni. Nikarudi, na bantu bakanipa fasi ya kufundishia batoto yabo. Mi nitalalamika nini?"

Henri, mumewe, ni mtu mrefu, mpole, mwenye sauti nzito inayotoka kifuani. Kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa kituoni. Alisimama kati ya reli na kuwapigia kelele wenzake walio mbali: sogeza, simama, rudi nyuma. Jumapili aliimba besi katika kwaya. Uwanjani kwetu hakuwahi kukanyaga. Hakumkataza mkewe, lakini wenzake kazini walimcheka, wakimwuliza kama chakula anapewa kwa mateke, na jambo hilo lilimuuma. Miaka kumi na tatu ilipita hivyo. Mke akienda mazoezini, mume alikaa nyumbani na redio.

Mwaka 2022 uvimbe ulianza kuonekana shingoni mwa Maître. Aliufunga kitambaa akaendelea kufundisha. Kila Agosti tulikuwa na semina kubwa ya mazoezi, sisi tunaiita staji, ya siku tatu, na klabu za miji mingine zilikuja. Hakutaka kuikosa. Staji ilipokwisha, uvimbe ulikuwa umemfikisha mahali ambapo hawezi kumeza bukari, ugali wetu, bila maji. Henri akampeleka Lubumbashi. Daktari aliwaeleza wazi kwamba mshipa wa sauti unapita karibu sana na tezi iliyovimba, na kwamba baada ya upasuaji sauti inaweza kupotea kwa muda, au isirudi kabisa. Walikubali, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alirudi Kolwezi mwezi wa Oktoba na kovu jembamba shingoni, anakula, anatembea, anacheka. Lakini akifungua mdomo, kilichotoka kilikuwa pumzi tu. Daktari alimwambia asilazimishe. Asubiri miezi.

Alirudi uwanjani juma la tatu. Tulimpokea kwa kupiga ngumi ndani ya kiganja, salamu yetu, na wengine walilia. Kisha akajaribu kufundisha kwa kupiga makofi: kofi moja kushuka, mawili kuinuka. Walio mbele walimfuata. Walio nyuma walitazama migongo ya wenzao. Lori likapita, makofi yakapotea, na katikati ya vumbi mtoto mmoja alirusha teke wakati jirani yake anageuka, akampata mdomoni. Damu haikuwa nyingi, lakini jino moja lilivunjika, na Maître alikwenda kumfuta yule aliyepigwa kwa kitambaa chake.

Alinivuta kando akaandika kwenye daftari: "Wewe endesha."

Nilijaribu. Hatua nazijua zote, hilo si tatizo. Lakini mimi nauza vitenge sokoni, na siku mbili kati ya tatu nilifika wenzangu wameshavua viatu na kuvivaa tena. Tena mtu anayetoa amri hawezi kumwona kila mwenye goti lililolegea. Maître aliyaona yote. Alikuja kunipiga begani, akasogeza midomo, na mimi sikumwelewa. "Nini, Maître?" Akarudia. "Mukono?" Akatikisa kichwa. Mara tano, mara sita, mpaka akaenda kukaa kwenye ngazi ya darasa.

Ilipofika Januari, haya yote yalikuwa yamemchosha. Nilikwenda kwake Jumapili baada ya misa. Tulikaa barazani, akanisogezea sahani ya mikate ya mafuta, na juu ya daftari akaweka funguo za ua. Chini yake alikuwa ameandika: "Umrudishie padri. Umwambie aksanti."

Nikamwambia, "Maître, mi sirudishe kitu."

Akasogeza midomo kwa muda mrefu, uso umemwiva. Sikushika hata neno. Ndipo Henri, aliyekuwa ndani ananyoa ndevu, akasema kupitia dirishani:

"Anasema mutoto alivunjika jino kwa sababu yake. Anasema mwalimu asiyesikika ni hatari kwa batoto."

Niligeuka. "Tata Henri, umesikia?"

"Sikusikia. Nimeona." Akatoka, povu bado liko shavuni. "Tunakaa siye babili tu humu nyumba toka Oktoba. Kama sisome midomo yake, tutakula nini?"

Nilimtazama yeye, nikamtazama mkewe, na nadhani wote watatu tuliwaza jambo moja kwa wakati mmoja, maana Henri alirudi nyuma hatua moja.

"Hapana," akasema. "Tina, hapana. Mi si muntu wa kung fu. Kazi yangu ni mabehewa."

Sikumsihi. Maître naye hakumwomba. Aliinama tu, akaanza kufuta makombo mezani. Niliondoka na funguo mfukoni, nikijiambia nitazipeleka kwa padri Jumatano.

Jumanne jioni nilifika uwanjani kuwaambia watoto. Nikamkuta Henri langoni, amesimama kando ya mkewe, amevaa koti lake la kazi lenye mistari inayong'aa, kofia mkononi. Alionekana kama mtu aliyeitwa mahakamani. Nikawafungulia, watu wakajipanga. Maître akasogeza midomo. Henri akamtazama kwa makini, akakohoa, akageukia watu.

"Shuka!"

Sijui niielezeje sauti ile. Njiwa waliruka kutoka kwenye paa la darasa. Watoto wawili wadogo walishuka mpaka wakakaa chini kabisa, na mmoja akaanza kulia. Mwendesha pikipiki aliyekuwa anapita alisimama barabarani akidhani ameitwa. Maître akaweka kiganja juu ya mkono wa mumewe, akasema jambo, na Henri akatangaza kwa sauti ndogo kidogo, "Maître anasema mi nipunguze."

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Maître alipita kati ya mistari, akisukuma goti hapa, akinyoosha kiwiko pale, kisha anainua uso. Henri alikuwa anamfuata kwa macho popote alipo, na neno likatoka. Majina ya hatua alikuwa hayajui, kwa hiyo aliyasema kama mtu asomaye barua ya mwingine. Kwa mkao wa mpanda farasi alisema "mukao wa muntu wa farasi," na watoto wakaupenda hivyo. Siku za kwanza alikuwa anaondoka mara tu tukimaliza. Baadaye akawa anabaki, anatuuliza: kwa nini mkono huu unakaa kiunoni? Kwa nini hamkazi mabega? Mwezi wa Machi nilimkuta kituoni kwake, nilikokwenda kupokea mzigo wangu, anamwonyesha mwenzake jinsi ya kuanguka bila kuvunja mkono.

Staji ya mwaka ule ilikuwa Lubudi. Mkuu wa klabu ya huko, Polycarpe Ntambwe, ni fundi wa reli na mwanafunzi wa zamani wa Maître. Alitupa kiwanja kipana kando ya mashamba, na mama wa kanisa lake walipika sombe, yaani majani ya muhogo, na bukari kwa sufuria ambazo mtu angeweza kuoga ndani. Kutoka Sandoa walikuja watu kumi na sita, wamechoka na njia, na jioni ile ile wakataka kuanza. Kwa jumla tulikuwa mia moja na ishirini. Wageni hawakuwa na habari. Walimwona mwanamke aliyenyamaza na mwanamume wa koti la reli anayefoka kwa niaba yake, wakaanza kunong'onezana.

Siku ya kwanza ilikwenda sawa. Siku ya pili tulikuwa na zoezi la watu wote: hatua nane, kugeuka kuume, teke, kugeuka tena. Maître alikuwa amesimama mbele yetu, anatutazama. Henri naye alikuwa ametugeukia, kwa hiyo kuume kwetu kulikuwa kushoto kwake. Jasho, jua, watu wengi. Akapaza sauti: "Kushoto!"

Nusu ya kiwanja, wale wanaojua zoezi, waligeuka kuume. Nusu nyingine, waliomtii Henri, waligeuka kushoto. Mistari ikagongana kama mabehewa. Watu wa Sandoa walijikuta uso kwa uso na watu wa Kolwezi, kila mmoja ameinua mguu. Mtu alianguka, akamvuta wa pili, wa pili akamvuta wa tatu. Hakuna aliyeumia. Lakini Henri alisimama pale mikono imening'inia, uso umempauka.

Tulimtazama Maître. Alikuwa ameinama, mikono imeshika magoti, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, nikaanza kumkimbilia. Alipoinua kichwa, tukaona anacheka. Alicheka bila sauti yoyote, machozi yanatiririka, mpaka ikabidi akae chini. Ndipo kiwanja kizima kikacheka, hata Henri, wa mwisho.

Tulipotulia, Maître alimwita kwa kidole na kusogeza midomo. Henri akamsoma. Akatikisa kichwa.

"Sema, tata," Polycarpe akamwambia. "Ndiyo kazi yako."

Henri akavua kofia. "Anasema…" Akaizungusha kofia mkononi. "Anasema anashukuru bwana yake. Anasema bila yeye, mwaka hii shule ingekufa." Kisha akaendelea, na safari hii midomo ya Maître ilikuwa imefungwa. "Hii sasa ni yangu. Myaka kumi na tatu bibi yangu anatoka nyumbani, mi ninafikiri anakwenda kuchezacheza. Sikukuya hata siku moya kuangalia. Banangu, mwenye kushukuru ni mi. Basi. Turudie. Kuume!"

Na tukageuka kuume, wote.

Sauti ya Maître ilianza kurudi mwaka uliofuata, kidogo kidogo. Kwanza sokoni nilimsikia akiuliza bei ya nyanya, nikaangusha kitenge nilichokuwa nakunja. Haikurudi kama zamani. Ina mkwaruzo, na baada ya nusu saa inachoka. Kwa kundi dogo inamtosha. Kwa kundi kubwa bado anamwita Henri. Kila mazoezi yanapokwisha, kabla hatujavaa viatu, anatusimamisha na kutushukuru sisi tuliobaki, mmoja mmoja, kwa jina, kwa ile sauti yake ya mkwaruzo. Inachukua muda, na watoto wana njaa, lakini hakuna anayeondoka.

Henri amestaafu. Ana miaka sitini na moja, na mwaka jana aliomba kuingia mstarini pamoja na wanaoanza, kati ya watoto wa miaka tisa. Mwezi wa Juni alifanya mtihani wa mkanda wa kwanza. Nilikuwa mezani na Maître tukiandika matokeo. Henri alifanya yote kwa heshima kubwa, anapumua kama mtu anayebeba gunia, na akamaliza kwa salamu.

Maître akaweka kalamu chini.

"Mukao wako uko juu sana," akamwambia. "Magoti hayashuki. Utarudia mwezi wa Desemba."

"Aksanti, Maître," Henri akajibu, akaenda kukaa ukutani na watoto wengine wawili walioshindwa, na mmoja wao akamsogezea chupa yake ya maji.