Nafasi ya Ringi

Siku niliyofika Tukuyu naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Nilikuwa nimetoka Kigoma siku nne nyuma, nikidandia malori ya mahindi kupitia Mpanda, Sumbawanga na Tunduma, na kuanzia Kiwira mvua ilinipiga juu ya magunia mpaka nikashuka meno yakigongana. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kidato cha nne, nikijiona fundi. Fundi Ambakisye, mwenye gereji kwenye mtaa wa Bagamoyo pale pale Tukuyu, alinipa chai na ovaroli, akanitazama vidole.

"Vidole vyepesi," alisema. "Kichwa tutakiona."

Mwaka wa pili Dada Subilaga, mnunuzi wa parachichi, alileta gari lake dogo. Alitaka injini ifungwe upya na iongezwe tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa nyingi ili ipande milima kwa nguvu. Kabla ya kwenda msibani Masoko, fundi aliniachia agizo moja. Ringi ya pistoni ni duara la chuma lililokatwa sehemu moja, na ncha zake mbili lazima ziachiwe nafasi, maana chuma kikipata moto hurefuka, na ncha zikigusana ringi hubana silinda mpaka injini ikwame.

"Kitabu cha injini hii kinasema robo milimita," alisema, "lakini hakikuandikiwa tabo. Tabo ina moto. Piga tupa mpaka ikaribie nusu. Na usizidishe. Hili ni gari la sokoni, linawashwa na baridi kila asubuhi. Likilegea sana litakula oili."

Nilimsikia vizuri. Ila vijana wenzangu walikuwa wakisema injini yenye nguvu ni iliyobana, nami niliogopa kuchekwa kwamba nimefunga injini ya moshi. Nikaacha robo. Siku mbili nililizungusha mjini kwenye ukungu, halikuwa na kasoro. Dada Subilaga akalichukua, akashuka nalo Kyela kumleta mama yake.

Fundi alirudi mchana wa siku hiyo.

"Ringi umeacha ngapi?"

"Robo, fundi."

"Robo ya nani?"

"Ya kitabu."

Hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Alipiga simu ya dada mara tatu, haikupatikana, akachukua funguo za pikapu.

Tulishuka kuelekea Kyela. Kwenye kila kona nilitazama bondeni kwanza, barabarani baadaye. Joto la Kyela, magunia ya mchele ambayo dada angepakia huko, mlima mrefu wa kurudi, tabo ikisukuma: kila nilichokifikiria kilikuwa kinaongeza moto. Nilianza kumwomba Mungu afanye gari lisiwake huko chini.

Tuliwakuta kwenye mashamba ya chai. Injini ilikuwa imekwama ghafla katikati ya kilima, breki zikawa ngumu, gari likaanza kurudi nyuma, na dada akalipeleka kwenye michai kwa makusudi. Hatua sita zaidi palikuwa na korongo. Mama yake alikaa kwenye nyasi na kiatu kimoja mkononi.

"Ndaga, mwanangu," aliniambia, akinishukuru kwa kuja kumwokoa.

"Fundi, ulitaka kutuzika," Dada Subilaga alisema.

"Kosa langu, dada," Fundi Ambakisye alijibu. "Nitaifunga upya."

Nami nilisimama pale, nikanyamaza.

Tulipoifungua, ncha za ringi zilikuwa zinang'aa mahali zilipobanana, na silinda imechanwa mistari. Fundi alinipa tupa tu. Niliifunga kwa kipimo chake, lakini tangu hapo kila gari lililotoka gereji nililiona likirudi nyuma kuelekea korongoni.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, usipime kitu kikiwa baridi mezani ukadhani umekijua. Jiulize kitakuwaje kwenye moto wake mkali, ukiachie nafasi ya kutosha hapo, na usiizidishe kwa woga. Na ukikosea, sema kabla mwingine hajabeba kosa lako. Mimi nilichelewa miezi saba.

Asubuhi niliyoondoka Tukuyu moja kwa moja, nilipitia kwa Dada Subilaga na begi mgongoni, nikamwambia ringi zile nilizipima mimi.

"Nilijua," alisema, huku akipanga parachichi kwenye kreti. "Fundi wako alikuwa msibani. Nilikuwa nangoja useme."

Mungu akutulize mikono, mwanangu, na akupe ulimi usiochelewa.